Mikobakteria katika Samoni wa Kufugwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wafugaji, Wapishi na Wachuuzi wa Samaki wa Malindi

Maswali haya yametoka kwa watu wa namna tatu ambao ni nadra kukaa baraza moja: wafugaji wa mwatiko, tilapia na kambamti wa upande wa Ngomeni na Mto Sabaki, wapishi wa hoteli za Malindi wanaopasua samoni aliyeletwa kwa ndege, na wachuuzi wa samaki ambao mikono yao haikauki maji ya chumvi tangu alfajiri hadi adhuhuri. Wote huuliza juu ya ugonjwa mmoja wa samaki, unaoletwa na bakteria waitwao mikobakteria, kila mmoja kwa hofu yake.

Samoni hafugwi Malindi. Kwa nini tujishughulishe na maradhi yake?

Ni kweli hafugwi, wala hatafugwa katika maji yetu ya wazi. Samoni wa Atlantiki hustawi katika maji yenye baridi, ya nyuzi 8 hadi 14 hivi, na bahari ya Malindi hata inapopoa wakati wa kusi haikaribii huko. Hata hivyo nyama yake inaingia mjini, inapita mikononi mwa vijana wa jikoni, na maswali huingia pamoja nayo. Kuna na sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito zaidi: samoni ni miongoni mwa samaki ambao ugonjwa huu umechunguzwa katika ufugaji wao kwa muda mrefu, na kosa lililousambaza miongoni mwao ni kosa ambalo mtu anaweza kulikuta leo kando ya mabwawa yetu wenyewe.

Tena samoni si mgeni kabisa nchini. Traut, ambaye ni wa ukoo mmoja naye, aliletwa katika mito ya nyanda za juu za Kenya mwaka 1905, na mpaka leo hufugwa huko, ikiwemo Kiganjo karibu na Nyeri. Yanayosemwa hapa chini juu ya samoni yanamhusu traut pia.

Mikobakteria ni nini hasa?

Ni bakteria wenye umbo la vijiti vyembamba, ambao ukuta wa mwili wao umejaa mafuta mazito mfano wa nta. Nta hiyo ndiyo asili ya karibu tabia zao zote: hukua polepole, hustahimili dawa nyingi za kuulia vijidudu, na wakimezwa na seli za kinga za mwili hawafi upesi, bali hujibanza humo humo na kuendelea kuishi. Ukoo wao una spishi zaidi ya 150, na walio wengi hukaa udongoni na majini bila kumdhuru mtu.

Wachache ndio walioliharibu jina la ukoo. Bakteria wa ukoma alitambuliwa mwaka 1873 na daktari Gerhard Armauer Hansen katika mji wa Bergen, Norwe, nchi ambayo leo ndiyo inayoongoza duniani kwa kufuga samoni wa Atlantiki. Wa kifua kikuu alitangazwa na Robert Koch mjini Berlin mwaka 1882. Yuko na wa tatu, anayesababisha kidonda kikubwa cha ngozi kiitwacho kidonda cha Buruli, jina lililotokana na eneo la Buruli nchini Uganda. Huyu, kwa vinasaba, ni jamaa wa karibu mno wa mikobakteria wa samaki aitwaye Mycobacterium marinum, ambaye tutakutana naye tena tutakapofika kwenye vidonda vya mikono.

Je, ni sawa kuuita ugonjwa huu “kifua kikuu cha samaki”?

Jina hilo limezoeleka, lakini linatisha watu bure. Samoni hana kifua wala mapafu. Ugonjwa wake hukaa kwenye figo, bandama na ini. Jina hilo lilianza mwaka 1897, pale watafiti watatu wa Ufaransa, Bataillon, Dubard na Terre, walipoeleza ugonjwa wa samaki wa jamii ya kapi katika bwawa lililokuwa likipokea uchafu wa mgonjwa wa kifua kikuu. Wakafikiri kwamba kijidudu cha binadamu kimehamia kwa samaki na kubadilika. Fikra hiyo haikusimama. Bakteria wa kifua kikuu cha binadamu anahitaji joto la mwili wetu, yaani nyuzi 37, na mwili wa samaki una joto la maji anamoogelea. Mwaka 1926 mtafiti Aronson alimtenga Mycobacterium marinum kutoka kwa samaki wa bahari waliokuwa wakitunzwa katika matangi ya maonyesho mjini Philadelphia, na ikadhihirika kwamba samaki wana mikobakteria wao wenyewe.

Kwa hiyo mama anayeuza samaki sokoni hawezi kumwambukiza samaki kifua kikuu kwa kukohoa, wala samaki hawezi kumpa yeye kifua kikuu. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kina kliniki yake, na samaki asisingiziwe.

Ni mikobakteria gani humpata samoni?

Anayebeba jina la samoni ni Mycobacterium salmoniphilum, yaani “apendaye samoni”. Alielezwa na Ross mwaka 1960 kutoka kwa samoni wa Pasifiki, kisha jina lake likapotea katika vitabu kwa sababu wataalamu walimchanganya na Mycobacterium chelonae, ambaye asili ya kutambuliwa kwake ni kobe wa baharini mwanzoni mwa karne ya 20. Uchunguzi wa vinasaba ulirudisha jina hilo mwaka 2007. Ndiyo maana msomaji anayefuatilia taarifa za zamani za samoni wagonjwa wa visiwa vya Shetland, Scotland, au wa British Columbia nchini Kanada, atakuta jina la chelonae pale ambapo leo pengine pangeandikwa salmoniphilum. Wengine wanaotajwa mara kwa mara kwa samaki ni Mycobacterium fortuitum na huyo Mycobacterium marinum.

Tofauti iliyo muhimu kwetu ni ya joto. Salmoniphilum hukua vizuri kati ya nyuzi 20 na 30, na katika nyuzi 37 hakui. Marinum hupendelea nyuzi 30 hivi, ambazo ndizo nyuzi za bwawa la Malindi wakati wa kaskazi. Yaani kijidudu tunachopaswa kukihofia zaidi hapa si kile chenye jina la samoni.

Ugonjwa huu uliwaingiaje samoni waliokuzwa na watu?

Hapa ndipo pa kutulia.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, katika majimbo ya Oregon na Washington, Marekani, kulikuwa na vituo vingi vya kutotolesha samoni wa Pasifiki na kuwaachia mitoni. Samoni ana desturi yake: huzaliwa katika maji matamu ya mto, hushuka baharini akakaa miaka akinenepa, kisha hurudi katika mto uleule aliozaliwa ili azae, na wengi wa samoni wa Pasifiki hufa baada ya hapo. Waliorudi walikamuliwa mayai na mbegu vituoni, na mizoga ikabaki malundo kwa malundo. Kuitupa nyama yote ile kulionekana israfu. Ikawa inasagwa mbichi, pamoja na matumbo yake, na kulishwa vifaranga vya msimu uliofuata.

Hesabu yake ni rahisi kuiona leo, lakini wakati ule haikuonekana. Samaki mmoja mwenye ugonjwa figoni akisagwa na kuchanganywa katika pipa la chakula, hulisha maelfu ya vifaranga. Vifaranga hivyo havifi mara moja, kwa sababu mikobakteria hana haraka; huachiwa mtoni vikionekana vizima, hushuka baharini, na baada ya miaka miwili, mitatu au zaidi hurudi vikiwa samaki wakubwa wenye vinundu vyeupe matumboni. Hao nao wakasagwa. Ugonjwa ulikuwa unazunguka kama maji ya gurudumu la shamba, na aliyekuwa akilizungusha ni mwenye shamba mwenyewe.

Mambo yalifichuka miaka ya 1950, samaki wanaorudi walipoanza kupasuliwa na kuchunguzwa kwa utaratibu. Wagonjwa walikutwa katika Oregon mwaka 1952, na mwaka 1958 Wood na Ordal wakachapisha uchunguzi mpana wa samoni wa Pasifiki na traut wa baharini. Ugonjwa ulifuatana na vituo vilivyokuwa vikilisha nyama mbichi ya samoni. Tiba haikutoka katika chupa ya dawa. Vituo vilianza kuipasha moto nyama ile kabla ya kuilisha, au kuiacha kabisa na kuhamia chakula cha tembe kilichopikwa kiwandani, na katika miaka ya 1960 ugonjwa ukapungua sana. Mzunguko ulikatwa kwa sufuria.

Mimi huchukua matumbo ya samaki bure sokoni na kuwalisha samaki wangu. Je, ninakosea?

Kuyatumia si kosa. Kuyatumia mabichi ndilo kosa. Chakula cha tembe ni ghali, nami simlaumu mfugaji anayetafuta njia ya kupunguza gharama, lakini baada ya kisa kilichotangulia sioni udhuru wa kumwaga ndoo ya matumbo mabichi ndani ya bwawa. Yachemshwe mpaka yatokote, na yaendelee kutokota kwa nusu saa, yakikorogwa ili vipande vya katikati navyo vipate moto. Kwa kulinganisha, maziwa yaliyopashwa nyuzi 63 kwa nusu saa, au nyuzi 72 kwa sekunde 15, huhesabiwa kuwa yamekwisha kuuliwa bakteria wa kifua kikuu cha ng’ombe. Mchemko wa nusu saa umepita kiwango hicho kwa mbali. Kuanika juani au kutia chumvi hakutoi hakika ya namna hiyo, wala kugandisha kwenye friza, kwa kuwa mikobakteria hustahimili barafu. Maabara huwahifadhi humo humo.

Lililo baya kuliko yote ni kuwalisha samaki mizoga ya wenzao. Katika bwawa moja nililowahi kutembelea, mwenye bwawa alinieleza kwa fahari kwamba samaki waliokufa usiku hawapotei, kwani wenzao huwala kabla ya asubuhi. Nilimwomba anipasulie mmoja aliyekuwa akielea upande, na bandama yake ilikuwa imejaa chembe nyeupe kama mtama. Sikuweza kujua pale pale kama ni mikobakteria, na sababu ya kutojua imeelezwa mbele kidogo, lakini mizoga huondolewa kila asubuhi, ikachimbiwa mbali na maji au kuchomwa, kwa sababu ugonjwa wowote wa bwawani hupita njia hiyo.

Njia nyingine za maambukizi ni zipi?

Maji, mwanzo. Samaki mgonjwa humwaga bakteria kwa choo na kwa vidonda vya ngozi. Pili, utando laini unaoteleza unaojijenga ndani ya mabomba, vichujio na kuta za tangi. Mikobakteria hukaa humo kama wapangaji wa kudumu, na mahali ambapo maji yaleyale huzungushwa na kutumiwa tena, utando huo huwa hazina yao. Tatu, vifaranga vilivyonunuliwa bila kujua vimetoka wapi. Katika samaki wanaozaa watoto hai, kama baadhi ya samaki wadogo wa mapambo, maambukizi ya mama kwa mtoto yamewahi kuonyeshwa.

Samoni mgonjwa huonekanaje?

Mara nyingi haonekani, na hilo ndilo tatizo. Katika kizimba chenye makumi ya maelfu ya samoni, dalili ya kwanza inaweza kuwa vifo vichache visivyokoma, samaki mmoja mmoja akikonda, akijitenga na kundi na kukawia kula. Wengine hupauka rangi, hutoka vidonda vya ngozi au hutuna tumbo. Samoni wa Pasifiki waliorudi mtoni na ugonjwa huu mara nyingine walikuwa wamedumaa na hawakupata zile rangi za msimu wa kuzaa. Kizimbani, wengine hufika machinjoni bila mtu kuwashuku.

Ukimpasua ndipo huona: figo iliyovimba, bandama na ini vyenye vinundu vya kijivu au vyeupe, vidogo kama punje ya mtama au vikubwa kuliko hivyo, wakati mwingine vimeungana mpaka kiungo kikapoteza umbo lake. Kila kinundu ni ngome ambayo mwili wa samaki umejenga kuwazunguka bakteria ulioshindwa kuwaua.

Kwa hiyo nikiona vinundu vyeupe, basi ni mikobakteria?

Hapana, na ndiyo maana sikusema neno pale bwawani. Samoni ana ugonjwa mwingine wa figo unaoletwa na Renibacterium salmoninarum, ambao kwa macho hufanana na huu. Tilapia hupatwa na bakteria wa jamii ya Francisella, ambaye huijaza bandama na figo chembe nyeupe na kuua haraka zaidi. Bakteria waitwao nokadia nao hufanya hivyo hivyo, na hata minyoo iliyojikunja ndani ya nyama humhadaa mtu asiyezoea. Anayekupa jina la ugonjwa kwa kutazama picha ya simu anabahatisha.

Hupimwaje basi?

Kipimo cha kwanza ni cha zamani na si ghali: kipande cha figo au bandama hupakwa kwenye kioo, hutiwa rangi nyekundu, huoshwa kwa asidi, kisha hutiwa rangi ya buluu. Kwa sababu ya ile nta yao, mikobakteria hushikilia wekundu wakati vingine vyote vinageuka buluu. Ni kipimo kilekile ambacho makohozi ya binadamu hupimwa kwacho, kwa hiyo mikono inayojua kukifanya ipo katika kila mji wetu mkubwa. Kinasema kwamba mikobakteria wapo. Hakisemi ni spishi gani. Kwa hilo huhitajika kuwaotesha maabara, jambo ambalo kwa marinum huchukua wiki moja hadi tatu na huweza kuzidi, kisha kusomwa vinasaba. Makoloni ya marinum, yaani makundi yake yanayoota maabara, yana mchezo wa pekee: yakikuzwa gizani ni meupe, na yakipata mwanga hugeuka manjano.

Kuna dawa au chanjo?

Hakuna chanjo ya mikobakteria inayotumika kwa samoni, wala dawa inayokubalika ya kuwaponya samaki wa chakula. Antibiotiki zimejaribiwa, hasa kwa samaki wa mapambo, na matokeo yake ni kutuliza zaidi kuliko kuponya, kwa sababu dawa haifiki ipasavyo ndani ya vinundu. Norwe na kwingineko, ambako ugonjwa huu umethibitishwa tena karne hii, kinachofanywa ni kuondoa samaki wagonjwa, kuvuna mapema, na kusafisha mahali hapo kabla ya kuingiza kizazi kingine.

Naomba wafugaji wanielewe vizuri katika jambo moja. Nimewahi kuonyeshwa vidonge vya rifampisini vilivyosagwa ili vitiwe majini. Hiyo ni dawa ya kifua kikuu cha binadamu. Kuimwaga bwawani hakutamponya samaki, na kutawafundisha bakteria wa majini kuizoea dawa ambayo jirani yako anaitegemea kuishi.

Nina kinundu mkononi kilichotokea baada ya kuchomwa na mwiba wa samaki, na hakiponi. Je, ni huu?

Inawezekana, na swali hili ndilo linalostahili jibu refu kuliko la mpishi juu ya kula samoni, litakalofuata. Wavuvi wetu wanajua mwiba wa tafi: maumivu yake huja papo hapo, makali, na baada ya saa kadhaa hupungua. Mikobakteria ni kinyume chake. Mwiba huchoma, kidonda kinafunga, mtu anasahau. Baada ya wiki mbili hadi nne, na mara nyingine baada ya miezi, hutokea uvimbe mdogo wa rangi nyekundu au zambarau, kwenye kidole, kifundo au kiwiko. Hauumi sana. Unaweza kupasuka ukawa kidonda chenye magamba, na kwa baadhi ya watu vinundu vingine hujipanga kupanda mkononi kama shanga. Waswahili walisema mdharau mwiba mguu huota tende, na hapa msemo huo karibu uwe maelezo ya kitabibu.

Anayehusika kwa kawaida ni Mycobacterium marinum. Kwa kuwa hapendi nyuzi 37, hubaki kwenye ngozi ya mikono na miguu, ambayo ni baridi kuliko ndani ya mwili. Wagonjwa walioidhihirisha tabia yake kwa uwazi mwaka 1951 hawakuwa wavuvi, bali waogeleaji wa hodhi moja mjini Örebro, Uswidi, waliochubuka viwiko kwenye kuta zake. Klorini ilipoanza kutumika vizuri katika mahodhi, wagonjwa wa aina hiyo walipungua, na siku hizi wengi ni watu wa matangi ya samaki, wauza samaki na wapishi. Haambukizi kutoka mtu hadi mtu, kwa hiyo hapana haja ya kutengwa vyombo.

Asipotibiwa anaweza kuingia kwenye kano na viungo vya vidole, na hapo mkono wa kazi hupotea. Kwa mtu ambaye kinga yake imepungua, kwa virusi vya UKIMWI au kwa dawa za kupunguza kinga, anaweza kusambaa zaidi.

Nimwambie nini daktari?

Mwambie kwanza kwamba unashughulika na samaki. Neno hilo moja hufupisha safari ya miezi, kwa sababu daktari asiyeambiwa atatoa dawa za jipu, kidonda kitatulia kidogo, kisha kitarudi. Pili, kikikatwa kipande cha ngozi kwenda maabara, barua iseme kwamba kioteshwe pia katika nyuzi 30 hivi. Kikiwekwa kwenye nyuzi 37 peke yake, bakteria huyu anaweza asiote, na majibu yakarudi kwamba hakuna kitu. Tatu, usishangae kipimo cha kifua kikuu cha ngozi kikionyesha mwitikio ilhali huna kifua kikuu, kwani bakteria hawa ni ndugu na mwili huwachanganya. Kile kipimo cha mashine kinachotafuta vinasaba vya kifua kikuu, kwa upande wake, hakikutengenezwa kumtafuta marinum.

Matibabu yapo na huponya. Ni vidonge, kama klarithromisini, doksisaiklini, ethambutoli au rifampisini, moja au mbili pamoja kwa uamuzi wa daktari, na humezwa kwa miezi, mara nyingi mpaka mwezi mmoja au miwili baada ya kidonda kufunga. Wanaokatisha njiani ndio wanaorudi.

Je, mteja wa hoteli anaweza kuambukizwa kwa kula samoni?

Njia inayojulikana ya mikobakteria wa samaki kumwingia mtu ni ngozi iliyochubuka, wala si sahani. Samoni aliyepikwa mpaka katikati hana la kuogopewa kwa upande huu. Kwa samoni mbichi, wapishi huuliza kama kumgandisha kwanza kunasaidia: kunasaidia dhidi ya minyoo, ambayo ndiyo sababu ya kanuni hiyo, lakini hakuui mikobakteria. Moshi nao wa namna mbili usichanganywe. Samoni wa vipande vyembamba vya rangi ya chungwa, anayeliwa na Waitaliano wetu kwa limau na mkate, amefukizwa moshi usio na joto, chini ya nyuzi 30 kwa kawaida, kwa hiyo kwa hesabu ya vijidudu bado ni mbichi. Mgeni mwenye kinga dhaifu au mjamzito ana sababu nyingine kubwa zaidi za kumwepuka samoni huyo, hasa bakteria wa listeria.

Samoni anayeletwa mjini huja akiwa ametolewa matumbo, na viungo ambavyo ugonjwa hukaa vimebaki alikotoka. Ukikuta vinundu kwenye mnofu au ukanda wa figo uliosalia kwenye uti wa mgongo, usimpeleke mezani. Mweke kando, mpige picha pamoja na lebo ya sanduku, na mrudishie aliyekuuzia. Anayestahili kinga kubwa jikoni ni kijana anayempasua. Avae glovu, asishike samaki akiwa na mchubuko usiofunikwa, na akichomwa na mfupa aoshe kwa maji mengi na sabuni mara moja, kisha aandike tarehe. Kuandika tarehe kunaonekana upuuzi mpaka wiki ya nne.

Klorini inatosha kusafishia vifaa?

Si kwa kiasi tunachotumia. Ile nta huwakinga, na jiki iliyozimuliwa kama ya kufulia huwapita bila kuwafanya lolote la maana. Spiriti ya asilimia 70 ni bora zaidi kwa visu, nyavu ndogo na meza, ilimradi vimesuguliwa kwanza mpaka utando na ute viondoke, kwa sababu hakuna dawa inayopenya uchafu. Vyombo vinavyostahimili moto vichemshwe. Nyavu na ndoo za bwawa lenye ugonjwa zisivuke kwenda bwawa jingine, hata kama ni la ndugu.

Na bwawa lenyewe likishaambukizwa?

Huvunwa lote, hukaushwa, tope la chini huondolewa, hutiwa chokaa na kuachwa juani kiangazi kizima ikiwezekana. Nasema kwa uwazi kwamba hatua hizo hupunguza bakteria, hazihakikishi kwamba wamekwisha, kwani katika tope na mizoga huweza kuishi muda mrefu. Tangi la saruji au la plastiki husafishika vizuri zaidi kuliko bwawa la udongo, lakini mabomba yake na vichujio ni bora kubadilishwa kuliko kuoshwa.

Je, samaki wa baharini wasiofugwa nao hupata?

Hupata. Mfano mashuhuri ni wa ghuba ya Chesapeake, Marekani, ambako mwaka 1997 samaki wa porini aina ya besi wenye milia walionekana na vidonda na vinundu, na kutokana nao zikaelezwa spishi mbili mpya za mikobakteria, mwaka 2003 na 2005. Hakuna aliyekuwa akiwalisha samaki wale, kwa hiyo si kila ugonjwa huu una mkono wa mfugaji nyuma yake.

Nikitaka kupeleka samaki wapimwe, nifanyeje?

Chagua anayeumwa lakini bado hai, maana aliyekufa usiku katika joto letu hufika ameoza na hakuna kinachosomeka. Peleka watatu au wanne, kila mmoja katika mfuko wake, ndani ya sanduku la barafu, barafu isiguse samaki moja kwa moja na wasigandishwe. Andika aina yake, umri, chanzo cha vifaranga, chakula unachowapa, joto la maji na idadi ya waliokufa kila siku kwa wiki iliyopita. Afisa wa uvuvi wa eneo lako ndiye wa kuanzia, na apigiwe simu kabla sanduku halijaondoka, kwa sababu samaki wanaofika Ijumaa alasiri bila mtu kuwangojea husubiri mpaka Jumatatu, na barafu haingojei.